Mizani ya Mbata na Vijana wa Ndege

Ijumaa, 3 Mei 1957

Mvua tangu alfajiri. Hakuna kichwa kilichokuja kunyolewa isipokuwa changu mwenyewe.

Daftari hili ni la mjukuu wangu Sefu. Alipomaliza shule aliliacha na kurasa nyingi tupu, na mimi sipendi kuona karatasi nzuri ikiliwa na mende. Basi naandika. Mimi ni Chirau, kinyozi wa Munje, mwenye wembe mmoja wa kukunja, mikasi miwili, na ulimi ambao mke wangu Biasha anasema ndio unaokata kuliko vyote. Shule yangu ni chuo cha Kurani, kisha miaka miwili shule ya serikali. Mwaka wa tatu nilifukuzwa kwa kumwigiza mwalimu anavyotembea. Nilimwigiza sawasawa, ndiyo maana akakasirika.

Leo Sefu kaja kutoka Diani, anakohudumia meza katika hoteli ya Wazungu. Anasema kuna kampuni ya ndege inatafuta vijana wanne wa pwani wakahudumie abiria huko juu, kutoka Mombasa mpaka Tanga, Unguja na Dar es Salaam. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya wanawake wa Kizungu peke yao. Sasa wanataka vijana weusi, wembamba, wasafi, wenye kucheka. Wamejiandikisha kumi na mmoja. Watapimwa mpaka mwezi wa sita, ndipo wateuliwe.

"Wanapima nini?" nikauliza.

"Kila kitu, babu."

"Kila kitu?"

Biasha akanipiga kwa upawa. Kisha akakohoa, akacheka, akakohoa tena.

Jumapili, 5 Mei

Mvua. Sefu kakataa papa wa kukaushwa. Kasema huyo papa ananuka. Nimechukizwa.

Jumatano, 8 Mei

Nimemwambia anisomee masharti yao, nami nayanakili hapa ili nikifa watu wajue nilikufa kwa nini.

Uzito uwe ratli mia na thelathini mpaka mia na arobaini na tano. Meno yawe kamili, pasiwe na nafasi. Uso usiwe na kovu. Ndevu hapana. Kucha zikatwe kila siku. Mafuta ya nazi kichwani hapana. Vitunguu saumu na papa hapana, kuanzia siku mbili kabla ya safari. Nywele zisiguse masikio, lakini kichwa pia kisinyolewe kikawa kipara, kwa sababu katika siku hizi za Hali ya Hatari abiria akiona kipara cheusi atadhani mfungwa katoroka. Mwisho, mwenye sare havui kofia kwa sababu yoyote mpaka abiria wa mwisho ashuke, nywele isije ikaanguka kwenye chakula.

"Na kwenda haja?" nikauliza. "Ratli ngapi?"

Sefu hakucheka. Zamani alikuwa akicheka. Hicho ndicho kinachonichukiza zaidi, kwamba mtoto anafundishwa kucheka huko, akija hapa kicheko kimekwisha.

Biasha yeye kafurahi. Huyu Sefu kamlea tangu siku moja, maana marehemu binti yetu Mwanaima alimzaa mchana akafariki jioni yake. Biasha alimpa maziwa ya mbuzi kwa kitambaa. Sasa anasema, "Mwanangu atapita juu ya Munje, nami nitatoka na kanga nimpungie." Papa wote waliokuwa juu ya uchaga wa jikoni kampelekea jirani. Miaka arobaini nakula papa wa Biasha kwa tui zito, leo jirani anakula na mimi nanusa ukutani.

Jumamosi, 11 Mei

Leo nimemwona huyo bibi wa Kizungu anayewafundisha vijana.

Hoteli haina mizani ya kusimamia mtu, ina ya samaki tu. Lori lao huja Munje kila Jumamosi kuchukua nazi. Basi vijana wote kumi na mmoja wamepakiwa humo, wakaletwa hapa dukani wapimwe kwenye mizani ya mbata, ya kupimia nazi kavu. Na baraza ya duka ndiyo mahali pangu pa kunyolea, kwa hiyo nilikuwa nimekaa mbele kama mgeni wa heshima.

Bibi ni mrefu, kajipaka usoni unga mwekundu na mweupe, nyusi kazing'oa akachora nyingine juu kidogo, kama mtu anayeshangaa siku nzima. Vijana walivua mashati, wakapanda mizani mmoja mmoja mahali pa magunia. Bibi akasoma, akaandika. Kisha akawasogelea, akawanusa. Makwapa! Mbele ya mwenye duka, mbele ya kina mama waliokuja kununua chumvi. Akawashika videvu, akawafungua midomo.

"Wewe cheka," akasema. Kijana akacheka. "Hapana namna hiyo. Cheka na macho."

Mtani wangu Chengo alikuwapo, Mduruma wa Samburu hii ya kwetu pwani, kaleta mbuzi. Akatema mate pembeni. "Chirau, hivi ndivyo tunavyopima mbuzi kwetu."

"Naona."

"Tofauti ni moja. Sisi mbuzi hatumwambii acheke."

Kijana wa Bodo, Abdurahman, kakataliwa papo hapo. Ana mwanya. Mwanya ambao wasichana kuanzia Bodo mpaka Gazi wanautungia nyimbo, na mama yake alimshukuru Mungu alipouona. Bibi kauangalia, akaandika, akasema abiria watadhani jino limeng'oka. Kijana karudi kwao kwa miguu katika matope, kafumba mdomo.

Tumempa bibi jina. Bibi Mizani.

Jumatano, 15 Mei

Mvua. Kichwa kimoja. Mtoto wa arubaini, kanikojolea. Afadhali yeye, hakuvumilia.

Jumamosi, 18 Mei

Kumbe lile lori ndiyo ndege. Sefu kanieleza. Vijana wanasimama nyuma wameshika sinia zenye bilauri za maji, dereva anapita kwenye mashimo yote ya barabara kwa makusudi, na Bibi Mizani amekaa kwenye kiti katikati yao, kashikilia kofia, anasema, "Chai. Mimi nataka chai." Mwenye kumwaga anaandikwa.

Leo walifika Munje wamelowa mvua na chai. Sefu alikuwa na bilauri nne kati ya sita. Akapanda mizani. Ratli mia na arobaini na sita.

"Moja zaidi," akasema Bibi Mizani.

"Ni maji hayo!" nikapiga kelele kutoka barazani. "Mkamue kwanza!"

Sefu akanitazama kwa jicho ambalo sikumfundisha mimi.

Jumatano, 22 Mei

Biasha anakohoa. Kampikia Sefu uji mwepesi usio na tui, akampelekea Diani kwa miguu. Nimemwambia mwanamke mwenye kifua hatembei na mvua. Kasema mimi nina wivu kwa kuwa hakuna kampuni iliyowahi kuutaka uso wangu.

Nikamwambia ipo. Mwaka wa vita vya Mjerumani, mimi na vijana wote wa Munje tulisimamishwa uchi huko Mombasa, daktari akatupita kwa fimbo, akatufungua midomo kwa hiyo fimbo, na mwenye kufaa akachorwa kifuani kwa chaki. Mimi nilichorwa. Nilibeba masanduku ya risasi miezi kumi na minne. Chaki ile ilitoka kwa jasho siku ya kwanza, lakini mpaka leo nikioga napasugua.

Biasha alikuwa anajua. Hata hivyo akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Basi mwenzio anachorwa apande juu, wewe ulichorwa ubebe. Usilinganishe." Akaongeza: "Na wewe mwenyewe, Chirau, umekaa miaka arobaini hapo barazani ukiwaambia watu vichwa vyao vina kona."

Nikatoka kunoa wembe uliokuwa mkali tayari. Naandika ili ijulikane kwamba alinishinda mara moja.

Jumatatu, 27 Mei

Wamebaki saba. Mmoja katolewa kwa kovu la tetekuwanga. Mwingine kwa kuwa mrefu, kichwa kitagonga dari. Wa tatu kwa sauti. Ati nene.

Sefu analala na kalamu ya risasi kati ya meno ili midomo izoee kucheka. Nimemkuta hivyo mchana huu kitandani, macho yamefumba, meno yote nje. Mungu anisamehe, nilidhani maiti.

Jumamosi, 1 Juni

Chengo katuletea nyama ya mbuzi kwa ajili ya kifua cha Biasha. Kala vipande viwili, vingine kamwekea Sefu. Sefu hali nyama yenye mafuta. Chengo kasema Samburu mbuzi akikataa kula wanamwita mganga. Sisi tunamwita kijana wa ndege.

Jumanne, 4 Juni

Leo nina jambo.

Mvua ilikatika saa nne. Lori la hoteli likaja si siku yake, ndani wako dereva na Bibi Mizani peke yao. Duka lilikuwa tupu, mwenye duka yuko nyuma anaanika magunia. Bibi kaangalia huku na huku, mimi hakuniona, nilikuwa nimechutama nanoa wembe. Kavua viatu. Kapanda mizani ya mbata. Kasoma. Kashuka, kavua saa ya mkononi na mkufu, kapanda tena.

Nikakohoa.

Ungemwona! Nyusi zile za kuchora zilikuwa juu tayari, hazikuwa na pa kwenda. Lakini hakukimbia. Kavaa viatu, kaja barazani, kakaa kwenye kigoda changu, akavua kofia.

"Mzee," akasema, "wewe angalia nyuma. Mimi hapana ona nyuma. Nywele nyeupe. Wewe kata."

Mimi nimenyoa makadhi, nimenyoa wezi, nimemnyoa bwana harusi aliyezimia. Mwanamke wa Kizungu sijapata. Nikashika mkasi mdogo. Nywele zake laini kama nyuzi za hindi bichi. Nikazitafuta moja moja, kumi na moja, nikazikata kwenye mzizi nikamwekea kiganjani. Akazifunga katika leso.

"Mwaka ngapi wewe?" nikamwuliza, maana adabu yangu iliishia darasa la pili.

"Thelathini na mbili." Kisha akasema taratibu, kwa Kiswahili chake kile cha jikoni, kwamba kampuni haimtaki mwanamke juu ya thelathini. Wala aliyeolewa. Wala aliyezidi ratli zake. Alidanganya umri miaka miwili, wamegundua. Hawa vijana ndio kazi yake ya mwisho, mwezi wa saba anapanda meli arudi kwao. Ameruka miaka tisa, na kila mwezi wa miaka hiyo tisa alipandishwa mizani.

Nikamwuliza, "Na wewe walikunusa?"

Akanitazama. "Ndiyo," akasema. "Kila mara."

Nilipomsimulia Biasha aliweka upawa chini. Kisha akasema, "Maskini. Na wewe ulimwacha aende bila hata kumpa dafu?"

Bado namchukia yule bibi. Mtu aliyenuswa na akajua uchungu wake, vipi anawanusa wengine? Lakini leo nimechukia kwa shida, kama mtu anayetafuna na jino bovu.

Jumamosi, 8 Juni

Wamebaki watano. Sefu mia na arobaini na tatu. Mtihani wa mwisho ni Alhamisi ya tarehe ishirini, na mkubwa wa kampuni atakuja mwenyewe.

Biasha hakutoka nje kuangalia mizani. Ni mara ya kwanza.

Jumanne, 11 Juni

Homa. Mganga wa hospitali kampa dawa ya maji yenye rangi ya waridi na kutikisa kichwa. Mchana alikuwa na akili zake, akaniita nikae karibu.

"Chirau, nikifa usimharibie mtoto kichwa."

"Hufi. Utaniacha na nani nimtukane?"

"Nasema nikifa. Kaka yangu atataka anyolewe. Usimnyoe. Wiki ijayo ndiyo ya mtihani wake. Niapie."

Kwetu hapa, siku ya kuanua tanga, yaani kumaliza matanga, wanaume wa ukoo hunyolewa, na zaidi ya wote aliyezaliwa na marehemu, au aliyelelewa naye kama mwana, hunyolewa kichwa chote, na nywele zikafukiwa kaburini. Asiponyolewa, tanga halikuanuliwa. Watu wataondoka, lakini maiti atakuwa kama hajaagwa. Mwalimu wa chuoni anasema hilo halimo kitabuni. Baba yake alipokufa ni mimi niliyemnyoa yeye mwalimu, na alikuja mwenyewe.

Nikaapa. Mtu ukiwa na mke wa miaka arobaini na mkono wake una moto, utaapa lolote.

Alhamisi, 13 Juni

Biasha amefariki saa tatu asubuhi. Mvua.

Ijumaa, 14 Juni

Tumezika. Kaburi lilikuwa likijaa maji, vijana wakawa wanayachota kwa madebe. Sefu aliingia ndani yeye. Alitoka na matope mpaka shingoni, na harufu ya udongo, na hakuna mtu aliyemnusa.

Jumatatu, 17 Juni

Bibi Mizani alikuja matangani. Alileta sukari na majani ya chai, akavua viatu, akakaa mkekani pamoja na wanawake, miguu yake mirefu haikujua pa kujiweka. Wanawake wakamfundisha kuikunja. Hakuwa na unga usoni. Sikumtambua mpaka aliponyanyua nyusi, nazo hazikuwapo.

Alipokuwa anaondoka alimwita Sefu pembeni, nami nikasogea, maana masikio yangu hayajafiwa.

"Alhamisi wewe kuja?"

"Nitakuja, memsahibu."

Akamtazama nywele, maana wanawake walikwisha kumwambia habari ya kunyoa. "Wewe pia?" Akajigusa kichwa.

Sefu akanitazama mimi.

"Sefu, bwana mkubwa ataona kipara, basi. Kwisha. Mimi hapana weza saidia." Akasema pole mara mbili, mara moja kwa marehemu na mara moja sijui kwa nini.

Shemeji yangu Shutu, kaka yake Biasha, alisikia. Huyu Shutu hana ubaya, ana sauti tu. "Nani kwisha?" akauliza. "Keshokutwa tunaanua tanga. Mtoto atanyolewa kama watu. Dada yangu hakumlisha kwa kitambaa ili leo aagwe na kichwa kilichochanwa!"

Watu wote wakaitikia. Mimi nikatazama chini. Nina kiapo upande mmoja na shemeji upande wa pili, na wembe uko mkononi mwangu.

Jumatano, 19 Juni

Naandika yote.

Asubuhi walikaa ukumbini, wanaume thelathini hivi. Nilimnyoa Shutu, nikawanyoa watoto wa Shutu, nikajinyoa mwenyewe bila kioo. Kikabaki kichwa kimoja. Sefu alikuwa amekaa mlangoni, nywele zimepasuliwa njia upande wa kushoto kama Bibi Mizani anavyotaka, na karibu naye mfuko wenye sare aliyopewa kwa ajili ya kesho.

"Haya," akasema Shutu.

"Marehemu aliniapisha nisimnyoe," nikasema.

Kelele! Shutu akasimama. "Marehemu alikuwa mgonjwa! Mama gani hataki mwanawe amlilie? Tangu lini kampuni ya ndege inaingia katika matanga ya watu wa Munje? Kesho watatuambia tusizike, matope yanachafua viatu!"

Na ubaya wake, alikuwa anasema maneno yangu. Yote hayo nilikwisha kuyasema mimi kwa mwezi na nusu, kwa sauti hiyohiyo. Nikayasikia kutoka mdomo wa mwingine yakanichukiza.

Sefu akainuka. Akaja akakaa kwenye kigoda, akainamisha kichwa.

"Ninyoe, babu."

"Na ndege?"

"Ninyoe."

Nikamwona shingo. Imekonda. Mwezi mzima wa uji usio na tui, na wa kucheka na kalamu. Biasha alitembea na mvua mpaka Diani kwa ajili ya shingo hii, na kifua chake kilizidi kuharibika huko njiani. Nikasema moyoni, nikimnyoa namwua mara ya pili, nisipomnyoa namwacha hajaagwa.

Ndipo nikaona mfuko.

"Lete hiyo kofia," nikasema.

Nikamvalisha kofia ya kampuni, nikaibana vizuri, mbele vidole viwili juu ya nyusi kama ilivyo sharti lao. Nikamwambia mtoto mmoja wa Shutu akimbie dukani alete chaki ya kuandikia magunia ya mbata. Ilipofika nikachora mstari kuzunguka kichwa, kufuata ukingo wa kofia, kisha nikavua kofia nikachora wa pili juu yake kwa upana wa kidole. Nikaufuta ule wa chini. Alikuwa na duara jeupe kichwani.

Chaki. Nilikuwa namchora mwanangu chaki. Lakini hii niliichora mimi.

Nikanyoa vyote vilivyokuwa ndani ya duara. Nikaacha pembeni, juu ya masikio na kisogoni, zimechanwa na zinang'aa. Miaka arobaini na mitatu nashika wembe, sijapata kufanya kazi mbaya kama ile. Katikati uwanja wa mpira, pembeni majani. Mtindo wa denge huacha nywele utosini, hii ilikuwa denge iliyopinduliwa na mlevi.

"Hii ni nini?" akasema Shutu.

"Ni mwana kanyolewa kwa ajili ya mamake."

"Na hizo za pembeni?"

"Hizo ndizo nilizoapa. Marehemu alisema nisimharibie kichwa. Kikivaa kofia hakijaharibika."

Nyuma kabisa Chengo, aliyekuja na mbuzi wa tanga, akacheka. Si kicheko cha kalamu, kicheko cha tumboni, mpaka akashika ukuta. Mmoja akafuata, wa pili akafuata, na Sefu mwenyewe akajigusa utosini, akacheka huku machozi yanamchuruzika mpaka kidevuni. Ndiyo mara yake ya kwanza kulia tangu kaburini.

Shutu alizichukua zile nywele zilizoanguka, akazikusanya kwenye jani la mgomba, akazipima kwa kiganja kama mtu anayenunua tumbaku. "Zinatosha," akasema. Akafunga jani.

Tanga limeanuliwa. Nywele zake nimezifukia pamoja na zangu, upande wa kichwa cha Biasha. Za pembeni wabaki nazo kampuni.

Alhamisi, 20 Juni

Nilikwenda Diani ndani ya lori pamoja na watano hao. Nilisema nimebeba wembe, labda mmoja ana kidevu cha kunyolewa.

Barazani kwa hoteli walipanga viti viwili viwili, kumi na viwili, ndiyo ndege. Mkubwa wa kampuni akakaa kiti cha mbele, ndiye abiria. Tumbo lake lilijaza na kiti cha pili. Sikuona mizani yoyote ikiletwa kwa ajili yake.

Vijana wakapita na sinia. Bibi Mizani, kajipaka unga wake tena, akapita nyuma yao akinyoosha ukosi, akisawazisha vifungo. Alipofika kwa Sefu akainua kofia kidogo kisogoni ili aiweke sawa, na kidole chake kikaingia ndani ya ukingo. Nilikuwa nimesimama karibu na nguzo, nikaona kile kidole kimesimama. Kikagusa ngozi. Kikagusa tena. Akageuza macho, akanitafuta, akanipata na kipara changu kipya kinang'aa.

Nikacheka na macho, kama anavyofundisha.

Mkubwa akasema kitu kwa Kizungu, akiwaonyesha vichwa kwa kidole. Vijana wanne wakaanza kunyanyua mikono. Sefu akawa mgumu kama mlingoti. Bibi Mizani akasema neno moja kali, mikono ikashuka. Wakajibizana. Mkubwa akawa mwekundu, kisha akaangalia mvua iliyokuwa ikipiga uani, akaangalia viti, akaguna, akaomba chai nyingine. Sefu akampelekea. Halikumwagika hata tone.

Njiani Sefu akanieleza. Mkubwa alisema, wavue kofia nione nywele. Bibi akamjibu, sharti lenu linasema kofia haivuliwi mpaka abiria wa mwisho ashuke, na wewe ndiye abiria, bado hujashuka. Ukitaka kuona nywele, shuka, ngazi iko pale kwenye mvua.

Wameteuliwa wanne. Wa pili ni Sefu.

Bibi alimpa ujumbe aniletee. "Mwambie babu yako," alisema, "kazi yake mbaya sana."

Kweli kabisa. Sijawahi kusifiwa namna hiyo.

Jumapili, 14 Julai

Masika imekwisha, barabara imekauka. Bibi Mizani ameondoka kwa meli wiki iliyopita. Sefu alimsindikiza mpaka bandarini, akamchukulia dafu. Nilimwagiza mimi, kwa ajili ya Biasha.

Sefu ana wiki mbili anaruka. Anasema Munje ikionekana kutoka juu ni mabati matatu na minazi, na nyumba yetu haionekani. Anasema kuna mama mmoja wa Tanga alikataa kuhudumiwa naye kwa sababu hakucheka vya kutosha, na bwana mmoja alikataa kwa sababu alicheka mno. Nasikia kampuni sasa inataka wapunguze ratli tano zaidi, kwa kuwa wengine huko ng'ambo ni wembamba zaidi. Mwakani watataka mifupa iliyopigwa pasi.

Leo kaja nyumbani kwa siku moja. Kesho mchana anaruka kwenda Unguja. Kavua kofia mlangoni. Katikati zimeota fupi fupi kama ukoga, pembeni ndefu. Nikashika mkasi nizisawazishe.

"Acha kwanza, babu," akasema. Kakaa jikoni, mahali alipokuwa akikaa Biasha, kaangalia uchaga. Nimerudisha papa wangu mwezi uliopita, wamejipanga pale juu wanachuruzika chumvi.

"Babu, kuna nazi?"

"Siku mbili kabla ya safari," nikamkumbusha. "Sharti lenu."

"Nimeuliza kama kuna nazi."

Nimekuna mwenyewe, nimepika mwenyewe, vibaya, tui limekatika na pilipili imezidi. Kala sahani mbili, kalamba vidole, kalala hapohapo mkekani mdomo umefumba kama mtu. Kesho nyumba nzima ya angani itanuka Munje. Na wanuse.